Saa Sita Ukutani: Kupiga Picha Mashina Makavu kwenye Kuta Kuukuu za Moshi

Kwa miezi kadhaa nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kamera nimeifunga kwenye sweta kama mtoto mwenye homa, kwenda mtaa wa Shanty Town kupiga picha ukuta mmoja wa mawe. Ukuta huo ulikuwa na mpasheni uliokufa siku nyingi. Majani yalishapukutika, yakabaki mashina na vikono vilivyojisokota, vyote vimeng'ang'ania mawe. Kila mafunzo niliyoyapata mtandaoni yalisema jambo moja: mwanga mzuri ni wa asubuhi na wa jioni, mchana kalale. Nikatii. Picha zikatoka bapa kama chapati.

Kisha siku moja nikapita pale saa tano na nusu nikiwa na shughuli zangu nyingine kabisa, mtungi wa gesi umefungwa nyuma ya bodaboda. Nikamwambia dereva asimame. Ukuta uleule ulikuwa umeinuka. Kila kishina kilikuwa na kivuli kilichoteremka mara tatu ya unene wake, na kila jiwe lilikuwa na kidevu. Kamera ilikuwa nyumbani, bila shaka. Ila nilielewa nilichokuwa nakosea, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jambo hilo.

Kwanza, utafute ukuta

Huku kwetu hakuna majira ya baridi yanayovua mimea majani yote kwa pamoja. Anayesubiri ukuta mzima ubaki na mashina matupu kama wanavyopata wenzetu wa Ulaya atasubiri sana. Mashina makavu ya Moshi yana sababu zake: mmea umekatwa chini na mwenye nyumba, ukaachwa ukutani kwa sababu kuubandua ni kazi; au umezeeka; au umenyimwa maji Januari na Februari, jua linapowaka na masika hayajafika. Kwa hiyo miezi ya kutafuta ni kuanzia Januari mpaka mvua za Machi zianze. Ukishaupata, unaweza kuurudia mwaka mzima, maana mmea mkavu hauna haraka.

Pita mitaa yenye nyumba za zamani na bustani kubwa, Shanty Town ikiwa ya kwanza. Pita pia nyuma ya maduka ya zamani ya katikati ya mji, kwenye vichochoro. Mbele ya duka hupakwa rangi kila mara, lakini nyuma huachwa na chokaa yake, madoa yake ya mvua na lipu iliyobanduka. Ukiwa Arusha, anzia mitaa ya zamani ya Uzunguni, ambako miti ni mikubwa na nyua nyingi ni za mawe meusi ya volkano kama ya huku.

Ukishaona mmea, jiulize umepandaje, kwa sababu namna ya kupanda ndiyo inayoamua picha itakuwa ya nini.

Mpasheni hupanda kwa vikono. Kikono hunyoosha ncha, kikigusa waya au msumari hujizungusha hapo, kisha sehemu iliyobaki hujikunja kama springi na kuuvuta mmea karibu. Kitazame vizuri kikiwa kikavu. Kwa kuwa ncha zote mbili zimeshikwa, springi haiwezi kujisokota upande mmoja tu: nusu huzunguka kulia na nusu kushoto, na katikati pana kipande kifupi kilichonyooka ambapo mzunguko hugeuka. Nilipiga vikono mwaka mzima bila kukiona kipande hicho. Sasa ndicho cha kwanza ninachotafuta.

Ule mtini mdogo wa kutambaa, wenye vijani vidogo vinavyofunika ukuta kama zulia, asili yake ni Asia ya Mashariki, na hupanda kwa vijizizi vinavyotoka kwenye shina na kujigundisha. Ukibanduliwa huacha alama: mistari ya kahawia yenye vinyweleo pande zote mbili, mfano wa nyayo za jongoo. Wengi hupita alama hizo wakitafuta mmea wenyewe. Kwa maoni yangu alama ni nzuri kuliko mmea.

Bogenvilia haishiki ukuta. Huuegemea tu, na miiba yake hujinasa inapoweza. Ikikauka hutengeneza fujo ya matawi yaliyo mbali na ukuta, na kivuli chake huanguka pembeni, si chini yake. Ni ngumu. Iache kwanza mpaka umezoea.

Pili, ujue ukuta unatazama wapi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukuta uliopigwa na jua usoni hauna umbile. Mwanga ukija moja kwa moja, kivuli cha kila kitu hujificha nyuma ya kitu chenyewe na wewe huoni chochote. Ili shina lionekane limetuna, mwanga lazima uteleze juu ya ukuta, uupitie kwa ubavu kama mtu anayepapasa. Mafundi wa makumbusho wanapochunguza mchoro wa zamani humulika taa kwa ubavu vilevile, waone palipotuna na palipobonyea.

Sasa, Moshi iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Mchana jua letu hukaa juu ya utosi au karibu yake. Kwa mtu anayepigwa picha hilo ni balaa, macho hugeuka mashimo. Kwa ukuta uliosimama wima ni neema, kwa sababu mwanga unaotoka juu huuteleza ukuta kutoka kwenye paa mpaka chini. Wanaosema mchana kalale wanatoka nchi ambazo jua la mchana halifiki utosini, na wengi wao hupiga sura na mandhari. Hawakosei, ila hawakuwa wanazungumza na sisi.

Jambo moja la saa. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45, na Moshi iko kwenye nyuzi 37 hivi. Kwa hiyo jua halifiki kileleni saa sita kamili. Hufika karibu saa sita na nusu: mwanzoni mwa Novemba ni saa sita na robo, katikati ya Februari ni saa saba kasorobo. Ukienda saa sita kamili ukidhani ndio mchana wenyewe, umewahi.

Huhitaji dira. Mlima Kilimanjaro uko kaskazini mwa mji na mashamba ya miwa ya TPC yako kusini. Ukuta unaotazama mlima ni wa kaskazini, unaotazama TPC ni wa kusini. Hata mlima ukijifunika mawingu, muulize mtu yeyote juu ni wapi na chini ni wapi. Arusha ni hivyohivyo, ila mlima ni Meru.

Ukuta unaotazama mashariki upige kuanzia saa tano mpaka saa sita na robo. Saa moja asubuhi jua linauangalia usoni, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu la miezi yote ile. Kadiri jua linavyopanda ndivyo linavyoanza kuuteleza ukuta, na dakika kumi na tano za mwisho kabla ukuta haujaingia kivulini ndizo tamu kuliko zote. Vivuli hurefuka mbele ya macho yako. Usibadilishe lenzi wakati huo, usijibu simu.

Ukuta wa magharibi ni kinyume chake: jua huuingia baada ya saa saba kasorobo, na dakika za kwanza ndizo bora. Ikifika saa tisa alasiri umeshachelewa.

Kuta za kaskazini na kusini zina tabia nyingine, na ni watu wachache wanaoitumia. Ukuta unaotazama mlima hupata jua kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba. Katikati ya Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, mwanga huupiga kwa pembe ya kati ya nyuzi 23 na 27 hivi kutoka asubuhi mpaka jioni. Maana yake ni kwamba una mwanga wa ubavu kutwa nzima. Asubuhi vivuli hulala kulia kwako ukiwa umeutazama ukuta, mchana huteremka, alasiri hulala kushoto. Unaweza kuchagua mwelekeo wa kivuli kama unavyochagua kanga dukani. Shida ni kwamba Juni na Julai asubuhi za Moshi huwa na mawingu mazito, na jua lenyewe hutoka likitaka.

Ukuta unaotazama TPC hupata bahati hiyohiyo Desemba na Januari, na safari hii anga huwa safi. Mimi hizo ndizo siku zangu. Nikisikia mtu ana ukuta wa kusini wenye mpasheni mkavu, namtembelea Januari hata kama hatujuani vizuri.

Kupiga hodi

Ukuta una mwenyewe. Hata ukiwa barabarani, mtu anayekaza kamera kwenye nyumba ya watu dakika arobaini huleta maswali. Hodi yangu ya kwanza ilikwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuweka X?"

Alidhani nimetumwa kuandika ile alama nyekundu ya bomoabomoa.

"Hapana bibi, naomba kupiga picha ukuta."

"Ukuta umefanya nini?"

Nikamwonyesha kwenye simu picha za kuta nyingine. Akazitazama, akacheka, akaniambia mpasheni ule ulipandwa na marehemu mumewe, na kwamba alishamwambia kijana wa shamba aung'oe ila kijana anajivuta. Nikamwomba kijana aendelee kujivuta.

Kwa hiyo salimu kwanza, eleza kwa kuonyesha, usipeleke maneno matupu. Kama pana mlinzi, mlinzi ndiye mwenye nyumba mpaka atakapokuambia vinginevyo. Majengo ya polisi, jeshi, mahakama, benki na ofisi za serikali yaache hata kama ukuta wake unakuita kwa jina. Kwenye makumbusho kama Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani karibu mwaka 1900, lipa kiingilio na uulize utaratibu wao wa picha kabla hujatoa kamera.

Na usiguse mmea. Kuvuta kikono kimoja "ili kikae vizuri" kunabandua na lipu.

Kusimama

Umbile la ukuta linataka kamera iliyo sambamba na ukuta. Ukiinamisha simu kidogo, mistari ya mawe hukutana juu kama paa la nyumba. Washa gridi kwenye skrini. Linganisha mstari wa gridi na safu ya mawe au ukingo wa lipu, kisha shusha mwili wako badala ya kuinamisha simu. Mara nyingi kimo sahihi ni cha kifua, si cha macho, na kuna ukuta mmoja wa mtaa wa Rau niliupiga nikiwa nimepiga magoti kwenye mfereji.

Simu nyingi hufungua lenzi pana kwanza. Lenzi pana hutunisha katikati na kupinda pembeni. Rudi nyuma hatua mbili tatu na utumie lenzi ya kuvuta ya mara mbili, kama simu yako inayo. Kama haina, rudi nyuma vilevile ukate picha baadaye. Ni afadhali picha ndogo iliyonyooka. Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha, milimita 50 hadi 85 inatosha, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 au 200. Kwa jua la saa sita utapata kasi ya kutosha kushika mkononi bila stendi.

Kwa kikono kimoja cha karibu, mambo hubadilika: ukikaribia sana, sehemu iliyo wazi ya fokasi huwa nyembamba kama kucha. Geuza kamera ilingane na mwelekeo wa kikono, kitazame kwa ubavu, ili springi yote iwe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Subiri upepo utulie. Pale Moshi mchana upepo haukosi.

Mwanga wa kamera na mwanga wa chini

Kamera hudhani dunia yote ni ya kijivu. Ukiipa ukuta wa chokaa, itautia giza. Ukiipa jiwe jeusi la volkano, italipausha. Gusa ukuta kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha sogeza kialama cha mwanga: pandisha kwa chokaa, shusha kwa jiwe. Chunga sehemu zinazong'aa zaidi. Kivuli kikiwa cheusi tii bado ni picha, lakini chokaa ikishaungua na kuwa nyeupe tupu, umbile lote hapo limekwenda na halirudi.

Sasa tazama chini, maana ardhi nayo inamulika. Jua la saa sita hupiga udongo na udongo hurudisha mwanga juu, ukajaza vivuli ulivyovisubiri tangu saa tano. Udongo wetu mwekundu huurudisha na rangi yake pia, sehemu ya chini ya ukuta ikawa kama imepakwa karoti. Tandika kitambaa cheusi mguuni pa ukuta, koti kuukuu linatosha, na vivuli vitakaza mara moja. Ukitaka kinyume, vivuli vilainike, tandika shuka jeupe. Siku ya kwanza nilipotandika shuka, bibi aliniletea kiti. Alidhani nimechoka.

Kukata kipande

Usijaribu kupiga ukuta wote. Picha ya ukuta wote ni picha ya nyumba. Tafuta kipande ambacho mistari ina safari: inaingia upande mmoja, inagawanyika, inatokea mwingine. Mashina makavu yanafanana na ramani ya mito, na kama mto, kuna shina mama na vijito. Weka shina mama lisipite katikati kabisa, na uhakikishe hakuna kijito kinachoishia milimita moja kabla ya ukingo wa picha. Ama kikate wazi, ama kiache kipumue ndani.

Au fanya kinyume: ondoa shina mama, jaza fremu na vijito tupu, pasiwe na pa kupumzisha jicho. Picha ya namna hiyo haina mhusika, ina mdundo tu. Ila ikitokea kuna mjusi, mwache. Mjusi hupandisha bei ya picha.

Tazama pia pale mmea na ufa wa ukuta vinapofuatana. Shina hupenda kupita kwenye ufa, na wakati mwingine kwenye picha huwezi kujua kipi ni kipi. Hizo ndizo ninazozipenda kupita zote.

Mawingu yakikataa

Juni umefika, ukuta wa mlimani uko tayari, jua hakuna. Usirudi mikono mitupu. Mwanga wa mawingu hauna kivuli lakini una rangi: chokaa iliyolowa, kuvu ya kijani, kutu inayotiririka kutoka kwenye msumari. Piga rangi siku hiyo. Baada ya manyunyu ni bora zaidi, kwa sababu ukuta uliolowa hukolea.

Au subiri magharibi. Jua likishazama, saa moja kasorobo hivi, mpe mwenzako tochi, aibandike karibu kabisa na ukuta, pembeni ya fremu, aumulike kwa ubavu. Kamera juu ya stendi, sekunde mbili au nne, mwenzako akiipeleka tochi polepole juu na chini ili mwanga usiwe na doa. Umetengeneza saa sita yako mwenyewe, na unaweza kuitokeza kutoka chini, jambo ambalo jua haliwezi. Waarifu majirani kwanza. Watu wawili wanaomulika ukuta wa mtu gizani wana maelezo mengi ya kutoa.

Nyumbani

Programu ya bure kama Snapseed inatosha. Nyoosha mistari kwanza, kisha jaribu nyeusi na nyeupe, kisha ongeza utofauti wa mwanga na giza kidogo kidogo. Kile kitufe cha kukoleza umbile kipelekwe robo tu. Ukikizidisha, chokaa hufanana na ugali ulioungua. Kama mwanga uliupata ukutani, hutakihitaji. Andika pia tarehe, saa na upande ukuta unaotazama. Daftari langu lina kuta kumi na tisa, na kila moja ina mwezi wake na saa yake. Mbili nimezifuta. Moja ilipakwa tangazo la kampuni ya simu, rangi inang'aa kutoka chini hadi juu, siku tatu kabla ya jua lake kufika.

Ya pili ni ya bibi. Nilichapisha picha iliyotoka vizuri kuliko zote, ukubwa wa karatasi ya A4, nikampelekea kama asante. Aliivalia miwani, akaitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya mstari mmoja mweusi uliokatiza kutoka kona ya juu.

"Na hii nayo ni pasheni?"

"Hapana bibi, hiyo ni ufa."

Wiki iliyofuata fundi alikuja na mchanga na mifuko miwili ya saruji. Ukuta sasa ni laini kama yai. Kwa hiyo picha ya shukrani ipeleke, ni haki ya mwenye nyumba, lakini ipeleke ukishamaliza na ukuta.